Vipodozi Vyetu na Saratani: Tuogope Nini, Tusiogope Nini?



Himdi zote njema ni zake Allah (s.w.t.) aliyetufikisha tena katika mwezi huu, na rehma na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake na maswahaba zake. Ama baad.

Ndugu yangu msomaji, mada hii niliitoa kwanza kwenye darsa ya vijana hapa Nakuru baada ya Alasiri, mbele ya akina dada thelathini hivi na ndugu wachache waliokaa upande wa pili wa pazia wakijifanya hawasikii. Wahariri wakaniomba niiandike. Nimeiacha karibu kama nilivyoisema, kwa hiyo ukikuta pahali naongea sana, nisamehe.

Nianze na mama mdogo wangu, na idhini amenipa. Ana saluni hapa mjini, chumba kimoja chenye viti vitatu, na saluni hiyo ndiyo iliyonisomesha. Tangu baba afariki, karo yangu ya shule, ada ya madrasa na sasa ya chuo kikuu imetoka kwenye vichwa vya wanawake wa Bondeni, Kaptembwo, Free Area na Langa Langa. Jumamosi, na wiki ya kuelekea Idd, mimi ndiye niliyekuwa nikiosha nywele. Kwa hiyo usinisome hapa ukadhani nimetoka maabara nije kuwasema watu. Harufu ya dawa ya nywele niliijua kabla sijajua kusoma.

Mwaka juzi mama mdogo aligusa kivimbe kwenye titi la kushoto. Hakumwambia mtu. Siku zile kulikuwa na ujumbe unaozungushwa kwenye simu, bila shaka umewahi kuupata: ati rolon ya kwapa huziba jasho, sumu ikarudi ndani ya mwili, na hapo ndipo kansa ya matiti inapoanzia. Ujumbe una jina la "daktari" wa nchi ya mbali na mwisho wake umeambiwa uwatumie watu kumi. Mama mdogo akauamini. Akaitoa rolon kabatini akaitupa, akawa anajipaka ndimu kwapani, akangoja kivimbe kiishe.

Alingoja miezi saba.

Hiyo ndiyo sababu ya mada hii. Sikuja kukutisha juu ya vipodozi, wala sikuja kuvitetea. Nimekuja kwa sababu tunaogopa kitu kisicho na makosa, na hofu hiyo inatupa utulivu wa uongo, huku tunachopaswa kukiangalia kiko mikononi mwetu kila wiki.

Tuimalize rolon kwanza. Mwaka 2002 watafiti wa Seattle, Marekani, walichapisha matokeo ya kuwauliza wanawake 813 waliokuwa na saratani ya matiti na wengine 793 wasiokuwa nayo: mnatumia nini kwapani, mnanyoa, mnapaka baada ya kunyoa? Hawakuona tofauti. Mwaka 2004 mtafiti mmoja Uingereza akapata parabeni (dawa inayotiwa kwenye vipodozi visioze) ndani ya vivimbe 20 vya saratani ya matiti, na habari hiyo ikazunguka dunia nzima. Lakini hebu fikiria: vilichunguzwa vivimbe tu. Hakuna matiti mazima yaliyopimwa pamoja navyo ili yalinganishwe. Ukikuta vumbi katika viatu vya mgonjwa, utasema vumbi ndilo lililomwuguza, na viatu vya mzima hukuvitazama? Na jasho si njia ya mwili ya kutoa sumu. Kazi hiyo ni ya ini na figo. Kama rolon inakuwasha, iache. Kama haikuwashi, endelea kunukia vizuri, wenzako safuni watakushukuru.

Sasa wengine mtasema: basi vipodozi vyote salama, alhamdulillah, tufunge kitabu. La, ngoja kidogo.

Tuje kwenye dawa ya kulainisha nywele. Mwezi wa Oktoba 2022 taasisi ya afya ya serikali ya Marekani ilitangaza matokeo ya utafiti wa wanawake 33,497 wa umri wa miaka 35 hadi 74, waliofuatiliwa kwa takriban miaka 11. Katika muda huo wanawake 378 walipata saratani ya mji wa mimba. Waliokuwa wametia dawa ya kunyoosha nywele zaidi ya mara nne katika mwaka mmoja walionekana kuwa na uwezekano zaidi ya mara mbili kuliko wasiotia kabisa.

"Mara mbili" ni neno la kutisha, na magazeti yalilipenda sana. Lakini mara mbili ya nini? Hapa ndipo nataka uwe nami. Watafiti wenyewe walikadiria hivi: kati ya wanawake wasiotia dawa, asilimia 1.64 watapata saratani hiyo kufikia miaka 70. Kati ya wanaotia mara nyingi, asilimia 4.05. Yaani kusanya wanawake mia wasiotia dawa: wasiofika wawili wataugua. Kusanya mia wanaotia mara kwa mara: wanne hivi. Wale wengine tisini na sita wataishi na dawa zao za nywele na ugonjwa huo hautawagusa. Kwa hiyo dada aliyetia dawa miaka kumi asilale akilia. Lakini pia tusipuuze, maana hao wawili walioongezeka ni mama wa mtu. Na sisi tunaotoka Afrika tunahusika zaidi, kwa sababu moja tu: ndio tunaotia zaidi, na tunaanza tukiwa wadogo. Katika utafiti huohuo, wengi wa waliotumia dawa za kunyoosha walikuwa wanawake weusi, ijapokuwa walikuwa sehemu ndogo ya wote waliochunguzwa.

Je, si mambo ya Marekani hayo? Karibu zaidi na kwetu kuna Ghana. Mwaka 2018 ulichapishwa utafiti wa Accra na Kumasi uliolinganisha wanawake zaidi ya 1,100 wenye saratani ya matiti na wengine zaidi ya 2,100 wasiokuwa nayo. Waliowahi kutia dawa ya nywele walikuwa na uwezekano mkubwa zaidi, kwa kiasi cha zaidi ya nusu hivi. Waliulizwa pia kuhusu krimu za kujichubua, na huko, kinyume na walivyotarajia wengi, hakukuonekana ongezeko la maana la saratani ya matiti. (Usishangilie. Krimu tutazifikia.)

Ni nini ndani ya dawa hizo? Tafiti hizi hazikuuliza jina la kopo, kwa hiyo hazikuweza kusema ni kitu gani hasa. Wanaoshukiwa ni kemikali zinazojifanya kama homoni mwilini, ambazo nyingine hufichwa ndani ya neno moja tu kwenye lebo, "manukato". Na ngozi ya kichwa ikiungua inafunguka. Wasichana, mnajua ninachosema. Ile "vumilia kidogo tu ishike" tunayoambiwa na msusi huku machozi yanatoka, kumbe ndiyo saa ambayo mlango uko wazi. Kuna pia zile dawa za kunyoosha kwa pasi ya moto ambazo zikipashwa moto hutoa mvuke wa formalini. Formalini ndiyo ile inayotumika mochari. Shirika la utafiti wa saratani la Umoja wa Mataifa, lenye makao yake Lyon, Ufaransa, limeiweka katika kundi la kwanza, la vitu ambavyo kuleta saratani kwake kumethibitika. Ukiona saluni inanyoosha nywele na kila mtu anakohoa na kufuta macho, toka nje.

Hapo ndipo ninapofika kwa mama mdogo na wenzake. Mteja anakaa saa mbili mara moja kwa miezi miwili. Msusi anakaa humo saa kumi na mbili, siku sita kwa wiki, mikono yake ndani ya dawa na rangi. Shirika hilohilo la Lyon liliiweka kazi ya kusuka na kunyoa, tangu mwaka 1993 na tena mwaka 2010, katika kundi la vitu ambavyo huenda vikaleta saratani, hasa ya kibofu cha mkojo, kwa ajili ya rangi za nywele. Anayepaka rangi kichwani mwake mwenyewe hakuwekwa katika kundi hilo.

Lakini nikueleze makundi haya, kwa sababu yanasomwa vibaya. Mwaka 2016 shirika hilo liliweka katika kundi hilihili la "huenda" kunywa kinywaji chenye joto la zaidi ya nyuzi 65, kwa sababu ya saratani ya umio. Ndiyo, ile chai ya futari unayoipuliza mara mbili kisha unaibwaga kooni! Kundi linaeleza ushahidi una nguvu kiasi gani. Haliseme hatari ni kubwa kiasi gani. Na kwa sisi wa Bonde la Ufa jambo la umio si mzaha. Hospitali ya Tenwek kule Bomet imeandika kwa miaka mingi juu ya wagonjwa wa saratani hiyo, wengine hawajafika miaka thelathini, na wataalamu wanaendelea kutafuta sababu. Iache chai ipoe wakati unakula tende zako, kisha usali Maghrib, kisha unywe.

Turudi kwenye mapambo. Idd inakuja, na Idd ni hina. Hina yenyewe, majani yaliyosagwa yakakandwa kwa maji na ndimu, ni baraka na haina ugomvi na mtu. Ugomvi uko na piko. Hakuna hina nyeusi duniani, dada yangu. Hina hutoa rangi ya machungwa hadi kahawia iliyoiva. Ule weusi wa wino unaoshika kwa nusu saa ni rangi ya nywele ya unga, na ndani yake kuna kemikali inayofupishwa PPD. Marekani hairuhusiwi kupakwa ngozini, na Ulaya inaruhusiwa kwenye rangi za nywele tu, kwa kipimo. Kuhusu saratani, ushahidi wa kuwa PPD yenyewe inaileta haujatosha, na sitaki kukudanganya. Lakini malengelenge yake nimeyaona kwa macho yangu, kwenye mkono wa bibi harusi, ua zima limefura kama limechorwa kwa makaa. Na mwili ukishaikataa mara moja, huikataa maisha yote, hata siku utakapotaka kupaka rangi ya nywele ukiwa na mvi. Nimeona pia mchoraji akichanganya petroli ili rangi ikolee. Petroli ina benzini, na benzini iko kundi la kwanza pamoja na formalini. Mtoto wa miaka minane anapakwa petroli mikononi ili apendeze Idd. Hapo mtu asiniambie ni mila.

Wanja nao una kisa kifupi. Mtume (s.a.w.) aliusifu wanja wa ithmid, na tunaujua mlango huo. Lakini si kila kijichupa kilichoandikwa surma ni ithmid. Nyingi ni jiwe la risasi lililosagwa, na risasi huharibu ubongo wa mtoto hata ikiwa kidogo. Kwa hiyo ile desturi ya kumpaka mtoto mchanga wanja machoni, mimi naomba tuiache, hata bibi akinuna.

Sasa krimu. Kenya ilipiga marufuku vipodozi vyenye zebaki na haidrokwinoni tangu mwaka 1998, yaani kabla wengi wetu hatujazaliwa, na bado vinauzwa kwenye meza za barabarani vikiwa vimepangwa kama peremende. Watu huniuliza: vinaleta kansa? Jibu la haki ni kwamba saratani si shitaka lake kubwa. Zebaki huenda kwenye figo na neva, na haimbagui aliyepaka na mtoto anayelalia kifua chake au kufutwa kwa taulo hilohilo. Haidrokwinoni ikitumiwa miaka huigeuza ngozi ikawa na mabaka ya buluu na nyeusi yasiyotoka, kile mtu alichokuwa anakikimbia kikamrudia maradufu. Madaktari wa ngozi wa Dakar, Senegal, wameandika pia juu ya wanawake waliojichubua miaka mingi kisha wakapata saratani ya ngozi kwenye sehemu zilezile za shingo na mabega zinazopigwa na jua. Ni wachache, lakini ni ugonjwa ambao ngozi nyeusi kwa kawaida haupati, kwa sababu weusi wenyewe ndio kinga. Nakuru iko karibu na ikweta, zaidi ya mita 1,800 juu ya bahari. Jua letu lina baridi ya kudanganya. Mtu anaivua kinga aliyopewa na Mola wake, kwa pesa zake, kisha anatoka juani.

Na wapo ndugu zetu ambao hawakupewa kinga hiyo, wenye ulemavu wa ngozi. Kwao mambo yanageuka kabisa: kipodozi ndicho kinachozuia saratani. Mafuta ya kukinga jua kwao ni dawa. Hapa Kenya, tangu mwanzoni mwa miaka ya 2010, Baraza la Kitaifa la Watu wenye Ulemavu lilianza mpango wa kuwapatia bila malipo, na jirani zetu wa Moshi, Tanzania, katika hospitali ya KCMC, wakaanza kutengeneza yao wenyewe yaitwayo Kilisun. Kama una jirani mwenye hali hiyo na hajui, mwambie aulize. Hiyo nayo ni sadaka, na haikugharimu kitu.

Poda niipitie haraka. Poda ya talki iliwekwa katika kundi la "huenda" mwaka 2024. Wasiwasi ni kuipaka sehemu za siri, na talki iliyochimbwa karibu na asbesto. Kampuni ya Johnson & Johnson, huku ikisisitiza kwamba poda yake ilikuwa salama, iliacha kuuza ya talki Marekani na Kanada mwaka 2020 na kote duniani mwaka 2023, ikahamia wanga wa mahindi. Mtoto mchanga hahitaji poda yoyote. Maji yanatosha.

Basi mama mdogo je?

Ilipopita miezi saba nilirudi nyumbani likizo, nikamkuta hainui mkono wa kushoto kufikia rafu ya juu. Ndipo aliponiambia. Tulikwenda hospitali wiki hiyohiyo. Ilikuwa saratani. Ameshafanyiwa upasuaji, na matibabu mengine yanaendelea wakati naandika haya. Alimwuliza daktari, mimi nikiwa nimekaa pembeni: "Ni ile dawa ya nywele?" Daktari alinyamaza kidogo, akamwambia hakuna mtu duniani anayeweza kumjibu hilo kwa titi lake yeye. Huenda imechangia, huenda haikuchangia. Alichoweza kumwambia ni kwamba kivimbe kingeletwa mapema kingekuwa kidogo.

Kwa hiyo, mama yangu, dada yangu unayesoma: kivimbe kipya kwenye titi au kwapa, chuchu iliyoingia ndani au inayotoa damu, damu ya ukeni baada ya hedhi kukoma miaka, usitafute cha kutupa kabatini. Nenda hospitali wiki hiyo. Na usiseme nangoja Ramadhan iishe. Kushikwa titi na kupigwa picha hakufunguzi saumu, na ukiwa na shaka muulize ustadh wako leo, si baada ya Idd. Na wazazi wenye mabinti wa miaka kumi, chanjo ya kuzuia saratani ya mlango wa uzazi inatolewa bure nchini tangu Oktoba 2019. Ugonjwa huo unaua wanawake wengi Kenya kuliko dawa yoyote ya nywele tuliyoitaja hapa, na nimeona wazazi wakibishana juu ya rolon huku fomu ya chanjo wameikunja ndani ya mkoba.

Saluni bado iko. Tulikaa chini tukapiga hesabu: akiacha dawa ya nywele kabisa, nusu ya mapato inakwenda, na karo yangu nayo. Sikuwa na jibu la kumpa, na sijalipata. Alichofanya ni hiki. Alivunja ukuta wa nyuma akatoa dirisha. Anavaa glavu, na msichana anayemsaidia pia. Rangi na dawa hupakiwa karibu na dirisha, chakula hakiliwi ndani. Kichwa chenye kidonda anakirudisha nyumbani. Na mtoto mdogo hamtii dawa hata mama yake alipe maradufu. Kwa jambo hilo amepoteza wateja, wamehamia mlango wa tatu ambako hawaulizwi umri. Wengine wamerudi, kwa sababu anasuka vizuri kuliko mtaa mzima (hilo nalisema kwa upendeleo).

Wiki ya mwisho ya Ramadhan atafungua mapema, inshaAllah, kama nguvu zitamruhusu. Mimi nitakuwa pale nikiosha nywele. Ukija utalikuta dirisha liko wazi, usilifunge ukisema kuna baridi. Hina ipo, ya kahawia. Piko hatuna.

Wabillahi tawfiq. Wassalaamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.